Gardner Fox: wakili aliyeuza dunia mbili kwa bei ya ukurasa

Barry Allen, yule shujaa wa katuni mwenye mbio za ajabu anayeitwa Flash, yuko jukwaani na nguo zake nyekundu, anawafurahisha watoto yatima. Anarusha kamba juu, anaipanda huku akiutetemesha mwili kwa kasi isiyoshikika kwa macho, mara hayupo. Anaibukia kando ya mji asioufahamu. Huko anabisha mlango wa mtu mzima aliyeanza kuota mvi, Jay Garrick, na anamweleza jambo ambalo ukilifikiria ni la kutisha kidogo: kwetu sisi wewe si mtu, ni hadithi. Tulikuwa tunakusoma kwenye katuni nikiwa mtoto. Aliyekuwa akiziandika anaitwa Gardner Fox, naye alikuwa akisema kwamba visa vyako vinamjia usingizini. Bila shaka alipolala, akili yake ilikuwa ikinasa mawimbi ya dunia yenu.

Hayo yamo katika toleo namba 123 la The Flash, lenye tarehe ya Septemba 1961. Aliyeyaandika maneno hayo ya Barry Allen ni Gardner Fox mwenyewe. Alijichomeka ndani ya kisa chake kama mpishi anayeonja mchuzi mbele ya wageni. Na katika biashara ya katuni ya Marekani enzi hizo, ambapo hadithi nyingi zilitoka bila kumtaja aliyeziandika, hiyo ilikuwa mojawapo ya njia chache za mwandishi kuonekana.

Kila anapotajwa Fox, sifa ya kwanza anayopewa ni kwamba aliweza kuandika chochote: mashujaa wa kuruka, wapelelezi, wachunga ng'ombe wa magharibi, mapenzi, majoka, sayari za mbali, historia ya Roma. Inakadiriwa kwamba aliandika visa zaidi ya 4,000 vya katuni, na juu yake riwaya zaidi ya 100. Watu huizungumzia sifa hiyo kana kwamba ni kipaji tu. Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa. Lakini mtu hawi fundi wa kila kitu bila sababu, na sababu ya Fox iko kwenye namna alivyokuwa akilipwa.

Alizaliwa Brooklyn, New York, Mei 20, 1911. Utotoni alipewa zawadi vitabu vya Edgar Rice Burroughs kuhusu mashujaa wa sayari ya Mirihi, na inaonekana hakuwahi kurudi kutoka huko. Hata hivyo alisomea sheria katika chuo cha St. John's, na mwaka 1935 akasajiliwa kuwa wakili wa New York. Mwaka huo haukuwa mzuri kwa wakili mchanga. Mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeishika Marekani kooni, wateja wenye fedha wachache, na mawakili wasio na kazi wengi. Rafiki yake wa tangu utotoni, Vin Sullivan, alikuwa mhariri katika kampuni ya katuni ambayo leo tunaiita DC. Akamwomba ajaribu kuandika. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni visa vya Steve Malone, mwendesha mashtaka. Ndiyo kusema, mtu alianza na kile alichokijua.

Sasa tuangalie kazi yenyewe ilivyokuwa enzi hizo, maana wengi hudhani mwandishi wa katuni ni yule anayechora. Mwandishi hachori kitu. Anakaa na mhariri, wanakipika kisa pamoja, kisha anakwenda nyumbani kwenye taipureta. Kwa kila ukurasa anaeleza kila kisanduku cha picha. Tuseme hivi, kwa mfano wangu mimi: ukurasa wa tatu, kisanduku cha pili, usiku, shujaa yuko juu ya paa, mwizi yuko chini ameshika mfuko, hajamwona. Kisha anaandika maneno ya kiputo cha shujaa, maneno ya mwizi, na maelezo ya juu kama yapo. Mchoraji akipokea mswada huo, kila kitu kimo isipokuwa wino. Ukurasa ukikubaliwa, mwandishi analipwa bei ya ukurasa. Hakuna mshahara, hakuna likizo, hakuna fungu la mauzo. Asipoandika wiki hii, wiki ijayo halipwi.

Weka hilo akilini kisha utazame soko lilivyokuwa likibadilika. Katuni ziliuzwa senti 10 kwenye vibanda vya magazeti, na wasomaji wake walikuwa na moyo wa kuchoka haraka. Mwaka 1940 walitaka mashujaa. Vita vilipokwisha wakawachoka, wakataka visa vya uhalifu, kisha mapenzi, kisha mazimwi, kisha safari za anga. Mwandishi aliyejua kitu kimoja alikuwa na njaa kila upepo ulipogeuka.

Mfano mzuri kuliko yote ni Moon Girl, binti mfalme mwenye jiwe la mwezi, ambaye Fox alishiriki kumbuni kwa kampuni ya EC mwaka 1947. Gazeti lake lilianza kama hadithi ya shujaa wa kike. Baada ya muda likaitwa Moon Girl Fights Crime, maana uhalifu ndio uliokuwa ukiuza. Mwaka 1949 likageuzwa kuwa gazeti la mapenzi, kwa jina la kuchekesha kweli: A Moon, a Girl... Romance. Mwaka 1950 likawa gazeti la sayansi ya kubuni. Na namba za matoleo ziliendelea moja kwa moja kana kwamba hakuna kilichotokea! Haikuwa mzaha. Gazeti jipya lilihitaji kibali kipya cha posta cha nauli nafuu, na kibali kilikuwa na ada. Kubadilisha jina la gazeti la zamani kulikuwa rahisi kuliko kuanzisha jipya. Kwa hiyo karani wa posta naye alikuwa na mkono wake katika kuamua wasomaji watasoma nini.

Turudi kwenye mashujaa, maana huko ndiko mchango wa Fox ulipo mnene zaidi.

Batman hakubuniwa na Fox. Lakini visa viwili vya mwanzo vilipokwisha kuandikwa na Bill Finger, Fox alishika kalamu kwa muda mfupi mwaka 1939, na ndani ya muda huo alimfunga Batman ule mkanda wenye vifaa kiunoni, akampa bumerengi yake yenye umbo la popo, akampa na chombo chake cha kwanza cha kuruka. Hebu mwondolee Batman mkanda uone kinachobaki. Ukurasani jina lililowekwa lilikuwa la mchoraji wake, Bob Kane, peke yake, kwa sababu Kane alikuwa na mkataba unaosema hivyo.

Januari 1940 likatoka toleo la kwanza la Flash Comics, chini ya All-American, kampuni ndugu ya DC. Fox aliandika humo visa viwili vilivyodumu hadi leo. Cha kwanza ni cha Jay Garrick, Flash wa kwanza, mwanafunzi anayevuta mvuke wa maji magumu maabara na kuamka akiwa na mbio za ajabu. Kofia yake ya chuma yenye mabawa ameazima kwa mungu mjumbe wa Wagiriki. Cha pili ni Hawkman, mwana wa mfalme wa Misri ya kale aliyezaliwa upya Marekani na kuvaa mabawa mgongoni. Katika mwaka huohuo akaandika Doctor Fate, mchawi mwenye kofia ya dhahabu. Kisha, katika toleo la tatu la All Star Comics, majira ya baridi ya 1940, akawakalisha mashujaa mbalimbali meza moja na kuwaita Justice Society of America. Leo filamu ya mashujaa kumi kwa pamoja ni jambo la kawaida. Kabla ya toleo lile, karibu kila shujaa alikuwa akiishi gazetini mwake kama mpangaji asiyesalimiana na majirani.

Mwaka 1950, kwa kampuni ya Avon, aliandika Crom the Barbarian, shujaa wa upanga na uchawi, miaka 20 kabla Marvel haijamtoa Conan, shujaa wa aina hiyohiyo, kwenye katuni. Kilipita bila kelele. Alikuwa amewahi mno, na kuwahi hakulipwi.

Fox hakuwa mtu wa kungoja fikra zishuke. Mwaka 1971 alieleza kwamba alikuwa na makabati mawili yaliyosheheni mafaili, na chumba cha darini kilichojaa vitabu na majarida, vitabu visivyopungua 2,000. Kitu chochote cha sayansi, cha maumbile, cha historia, alikiweka. Ndiyo maana akikuandikia kisa cha Adam Strange, anakupa na hesabu. Adam ni mtaalamu wa mambo ya kale anayepigwa na mwali fulani huko Peru akiwakimbia wenyeji wenye hasira, na mwali huo unamtupa kwenye sayari Rann katika nyota za Alpha Centauri, umbali wa miaka 4.3 ya mwanga. Nguvu ya mwali ikiisha mwilini, anarudishwa duniani, akiwa ameacha huko mwanamke anayempenda. Akitaka kumwona tena, hana budi kupiga hesabu mwali unaofuata utatua wapi, saa ngapi, na awepo pale pale. Nadhani ni kisa kizuri kuliko vyote alivyoandika, kwa sababu shujaa hapigani na jitu tu, anapigana na ratiba.

Au chukua Zatanna, binti mganga anayemtafuta baba yake kuanzia 1964 katika magazeti kadhaa. Uchawi wake ni kutamka maneno kinyumenyume, herufi ya mwisho ikitangulia. Kwa Kiswahili angesema "akugnuf" na mlango ungefunguka. Waliokua Pwani wakizungumza kinyume ili wakubwa wasielewe, "leta chai" ikawa "tale icha", watamwelewa bila tafsiri, ingawa wao hugeuza silabi, si herufi, na sijasikia aliyefungua mlango kwa njia hiyo.

Sasa lile fumbo la dunia mbili, ambalo ndilo lililompa jina la kudumu.

Tatizo lilikuwa hivi. Mashujaa wa miaka ya 1940 walififia. Justice Society ilizimika 1951. Mwaka 1954 wachapishaji wa katuni walijiwekea kamati ya kujichuja baada ya Baraza la Seneti kuwahoji juu ya athari za katuni kwa watoto. Visa vya damu vikaondoka, na nafasi ikabaki kwa hadithi safi. Mwaka 1956 mhariri Julius Schwartz akamrudisha Flash, lakini mpya kabisa: Barry Allen, nguo mpya, mji mpya. Kisa hicho cha kwanza hakikuandikwa na Fox. Ila waandishi wake walitia utani mdogo: Barry anaonekana akisoma katuni ya zamani ya Jay Garrick. Utani huo ulimaanisha kwamba katika dunia ya Barry, Jay ni mtu wa kubuni. Wasomaji wa zamani wakaanza kuuliza: basi yule wetu yuko wapi?

Jibu la Fox, pamoja na Schwartz, lilikuwa kwamba dunia zipo mbili mahali pamoja, kila moja ikitetemeka kwa mdundo wake, ndiyo maana hazionani. Anayeweza kubadili mtetemo wa mwili wake anavuka, na nani anaweza kutetemeka kuliko Flash? Mwaka 1963, katika Justice League of America namba 21 na 22, dunia hizo zikapewa majina. Ya vijana ikawa Dunia ya Kwanza, ya wazee ikawa Dunia ya Pili, jambo ambalo kiumri limekaa kichwa chini miguu juu. Mwaka uliofuata Fox akaongeza ya tatu, ambako mashujaa ndio majambazi na historia yenyewe imegeuzwa: Columbus ni Mmarekani aliyegundua Ulaya, na rais aliyeuawa ni John Wilkes Booth, muuaji wake akiwa mwigizaji Abraham Lincoln.

Kutoka hapo dunia zikazaana mpaka wachapishaji wenyewe wakapotea humo, na mwaka 1985 wakaanza mfululizo mzima wa kuzikunja ziwe moja. Hazikukaa hivyo. Ukiona leo filamu ya mashujaa ambamo mtu mmoja ana nakala zake katika dunia sambamba, unatazama tawi la mti uliopandwa katika toleo lile namba 123.

Justice League yenyewe, iliyoanza 1960, ni Fox aliyeiandika tangu siku ya kwanza hadi toleo namba 65 mwaka 1968. Schwartz ndiye aliyelibadilisha neno "Society" kuwa "League", kwa hoja kwamba vijana walizoea ligi za besiboli. Inasimuliwa kwamba mauzo yake ndiyo yaliyomfanya mwenye Marvel, Martin Goodman, aagize kundi lake la mashujaa, na Fantastic Four ikazaliwa 1961. Kama ni hivyo, mashine yote ya Marvel iliwashwa na gazeti la mshindani.

Je, Fox alikuwa na haki gani juu ya vyote hivi? Hana. Na hapa ndipo uwakili wake unapouma.

Kipimo cha biashara hiyo kiliwekwa 1938, Jerry Siegel na Joe Shuster walipopokea dola 130 kwa kurasa 13 za kwanza za Superman, pamoja na Superman mwenyewe. Desturi ikawa hiyo. Miaka iliyofuata, njia moja ya kuikaza ilikuwa kuchapa maneno nyuma ya hundi, mahali ambapo mlipwaji hutia sahihi ili benki impe fedha. Maneno yalisema kwamba kwa sahihi hiyo anakabidhi haki zote za kazi. Huwezi kuchukua pesa bila kusaini, na huwezi kusaini bila kukabidhi. Mtu aliyesomea mikataba hakuhitaji kuelezwa maana yake. Ila wakili mwenye watoto wa kulisha naye husaini hundi kama mtu mwingine yeyote.

Sheria mpya ya hakimiliki ya Marekani, iliyoanza kutumika Januari 1, 1978, ilifungua mlango: aliyeuza kazi ya zamani, au warithi wake, aweza kuidai baada ya miaka 56. Lakini mlango huo una kizingiti. Kama kazi ilifanywa kama kazi ya kuajiriwa, mwenye nayo tangu mwanzo ni kampuni, na hakuna cha kurudisha. Je, mtu anayeandika nyumbani kwake, kwa taipureta yake, asiye na mshahara wala bima, ni mwajiriwa? Chini ya sheria ya zamani mahakama ziliuliza zaidi nani aliagiza kazi na nani aligharamia. Ndiyo maana mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliwaambia watoto wa mchoraji Jack Kirby kwamba kazi za baba yao kwa Marvel zilikuwa za kampuni. Mwaka uliofuata pande hizo zikaelewana zenyewe. Mantiki yake inanishinda: ukiomba bima wewe si mwajiriwa, ukiomba haki za kazi yako wewe ni mwajiriwa.

Na bima waliomba. Mwaka 1968 waandishi wakongwe wa DC, Fox akiwemo, waliitaka kampuni iwape bima ya afya na masharti bora. Hakuna aliyefukuzwa kwa barua, kwani asiyeajiriwa hafukuzwi. Kazi zilipungua tu, mswada baada ya mswada, mpaka simu ikanyamaza. Kufikia mwisho wa mwaka huo Justice League ilikuwa mikononi mwa mwingine.

Fox alikuwa na miaka 57. Akafanya alichofanya siku zote, akabadili mkondo. Mapema miaka ya 1970 aliandika kidogo kwa Marvel, Doctor Strange na Dracula. Zaidi aliandika riwaya za bei rahisi: mashujaa wa upanga, Kothar na Kyrik, kwa jina lake, ujasusi wenye mambo ya chumbani kwa jina la Rod Gray, historia kwa jina la Jefferson Cooper, mapenzi ya majumba ya kale kwa jina la kike, Lynna Cooper. Huyo Cooper si wa kuokota. Jina lake kamili lilikuwa Gardner Francis Cooper Fox. Alifariki Desemba 24, 1986.

Bill Finger, aliyeandika Batman kabla yake, alitajwa rasmi kuwa mshiriki katika kumbuni shujaa huyo mwaka 2015, miaka 41 baada ya kufa. Tuzo yenye jina la Finger, inayotolewa kwa waandishi waliosahauliwa, ilimwendea Fox mwaka 2007.

Mashabiki ndio waliotangulia kumtafuta. Jerry Bails alimwandikia tangu miaka ya 1950, akanunua kwake nakala zake za All Star zilizojalidiwa, na akatumia miaka mingi kuandika orodha ya nani alifanya nini katika magazeti yasiyo na majina. Barua za namna hiyo na miswada yake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene. Na kwa hadithi za Schwartz ambazo hazikuwa na jina ukurasani, ushahidi unaotegemewa hadi leo ni kumbukumbu za mhariri huyo, alimoandika kila kisa alichonunua na aliyekiandika.